Kadi ya CHF iliyoboreshwa baada ya misimu mitatu ya korosho

Kadi ya Mfuko wa Afya ya Jamii ulioboreshwa (CHF), bima ya afya ya kaya, niliitumia Newala, mkoani Mtwara, kwa misimu mitatu, kuanzia mwaka 2019, kwa ada ya shilingi 30,000 kwa mwaka kwa kaya isiyozidi watu 6. Mwandikishaji alitukuta barazani mwezi Novemba, fedha za mnada wa korosho zikiwa zimeshaingia benki, akatupiga picha mmoja mmoja kwa simu yake, huku bibi akigoma mpaka ajitande kanga mpya.

Manufaa yake niliyaona Agosti. Kabla ya kadi, mtoto akishikwa na homa katika miezi hiyo, salfa, dawa ya kupulizia mikorosho, imeshamaliza akiba na korosho bado zimo mtini, njia iliyobaki ilikuwa kumwendea mnunuzi wa kangomba, yule anayenunua korosho kinyemela nje ya mnada, na kumwahidi mazao ya msimu ujao kwa bei ya kutupa. Ada iliyolipwa wakati wa mavuno ilituvusha hadi mavuno mengine, na kwa hilo peke yake naipa kadi alama za juu.

Kasoro niliikuta kwenye dirisha la dawa. Katika zahanati moja mganga alimpima mama kwa utulivu, akamwandikia dawa za shinikizo la damu, kisha dirishani tukaambiwa, "Hizo mkanunue, mama." Dukani nililipa 6,000 kwa dozi ya mwezi mmoja, ilhali ada yetu, ukiigawa kwa watu 6, ilikuwa 5,000 kwa kila mtu kwa mwaka mzima.

Hesabu hiyo ndiyo iliyonipunguzia hasira: mfuko hauwezi kutoa kuliko kipato cha wanaouchangia. Mwaka 1977 mchumi wa Marekani, Joseph Newhouse, alilinganisha nchi 13 zilizoendelea, akaona kwamba tofauti za pato la kila mtu zinaeleza takriban asilimia 90 ya tofauti za matumizi ya afya. Bima humwezesha mgonjwa mmoja kutibiwa hata akiwa hana kitu siku hiyo. Lakini mfuko wenyewe hauna pa kujificha, kwa kuwa hujazwa na watu walewale wanaopungukiwa kwa pamoja bei ya zao moja inapoyumba. Novemba 2018, Serikali ilipoamua kununua korosho kwa 3,300 kwa kilo na malipo yakasubiri uhakiki wa wakulima, majirani zangu waliahirisha hata ada za shule, sembuse bima. Nayo Benki ya Dunia ilipoiingiza Tanzania katika uchumi wa kati wa chini, Julai 2020, kabati la dawa la zahanati yetu halikupata habari.

Utaratibu wa rufaa ulikuwa mrefu lakini ulifuatika, mradi uanzie zahanati au kituo cha afya.

Naipa nyota 3 kati ya 5. Anayetaka bima ya namna hii akate Novemba, asingoje Machi mvua zikiwa zimeshaleta malaria na mfuko wa shati ukiwa mtupu, na atenge fedha kidogo ya duka la dawa kabla hajaanza kununua mabati.