Siku mbili kwenye nyumba ya maji moto, Naruko: uzoefu wangu

Nianze na bei, maana ndilo swali la kwanza ninaloulizwa na Watanzania wenzangu hapa Sendai, Japani. Nililipa yeni 9,800 kwa usiku mmoja kwenye nyumba ya wageni yenye bafu la maji moto ya chemchemi, chakula cha jioni na cha asubuhi humo humo, na juu yake kodi ya kuoga yeni 150 kila siku. Ndiyo, huku kuna kodi ya kuoga. Nililala siku mbili, Februari 2023, theluji ikiwa imefika kiunoni kando ya barabara. Jina la nyumba silitaji, kwa sababu nina lalamiko nayo, na mama mwenye nyumba alinitendea wema ambao sitaki kumlipa kwa kumwanika.

Kufika Naruko, mji wa maji moto milimani, ni rahisi. Treni ya kasi kutoka Sendai mpaka Furukawa haichukui hata robo saa, kisha unapanda kigari cha dizeli cha mabehewa mawili kinachopanda polepole milimani kwa dakika kama arobaini na tano. Milango yake haifunguki yenyewe, unabonyeza kitufe. Mimi nilisimama mbele ya mlango nikiungoja kama mgeni wa harusi, mpaka mwanafunzi mmoja akanyoosha mkono akanibonyezea. Kituo cha Naruko-Onsen ukishuka tu, pua inakwambia umefika. Salfa. Sisi watu wa Tanga harufu ile tunaijua kutoka maji moto ya Amboni, wageni wengine ndio hudhani kuna mayai yaliyoharibika mahali.

Sasa lalamiko. Nilichagua nyumba hii kwa jambo moja tu: tovuti ya kuweka nafasi ilisema lipo bafu la faragha, unajifungia peke yako. Kwa Wajapani kuoga uchi pamoja, wanawake kwao na wanaume kwao, si habari. Kwangu mimi niliyelelewa kwa stara ni habari kubwa. Nilipomweleza mama kwenye simu alinyamaza mpaka nikadhani mtandao umekata.

"Uchi, mwanangu?"

"Uchi, mama. Ndiyo desturi yao."

"Na wewe?"

Nikamtuliza kwamba mimi nitajifungia. Nafika, naambiwa bafu la faragha limefungwa tangu Januari, bomba limepasuka kwa baridi, fundi atakuja theluji ikipungua. Tovuti haikusema neno. Kama una sababu kama yangu, piga simu kabla ya kulipa, usiamini picha.

Mama mwenye nyumba aliuona uso wangu. Akatoa simu yake, akaongea Kijapani, simu ikatafsiri kwa Kiingereza cha ajabu ambacho maana yake ilikuwa: kuanzia saa tatu usiku nitatundika kibao mlangoni, bafu la wanawake ni lako nusu saa. Na akatundika kweli, siku zote mbili.

Chumba ni cha mikeka ya tatami, meza fupi yenye blanketi na kipasha joto chini yake, na hita ya mafuta ya taa ambayo unaizima ukilala. Ndala za ukumbini unaziacha nje ya mkeka, na chooni kuna ndala nyingine za huko huko tu. Nilizisahau miguuni mara moja nikatoka nazo mpaka ngazini. Godoro wanalitandika sakafuni wakati uko kwenye chakula. Kuswali juu ya tatami ni raha, mkeka wenyewe ni msala tayari, kibla huku ni kaskazini-magharibi. Lakini choo ni cha pamoja, kipo mwisho wa ukumbi ambao hauna joto kabisa, na saa kumi usiku ukumbi ule ni friji. Kuta nazo ni nyembamba. Jirani yangu alikoroma mpaka nikamjua mapafu.

Kuna vazi wanakuwekea chumbani, yukata, kanzu ya pamba ya kuvalia humo ndani na hata kutokea barabarani. Mimi niliifunga nilivyozoea kufunga kanga, upande wa kulia juu, nikashuka ngazi nikijiona nimependeza. Mama mwenye nyumba akaja mbio, akanivuta pembeni, akanifungua mkanda bila kuomba ruhusa na kugeuza: kushoto juu ya kulia. Kulia juu, akaonyesha kwa kufumba macho na kukunja mikono kifuani, huvikwa maiti. Basi nilikuwa nimeshuka kwenye chakula na sanda.

Haya, maji. Unaingia chumba cha kuvulia, unaacha nguo kwenye kikapu. Ndani kuna vigoda vifupi mbele ya mabomba, unakaa, unajisugua mpaka unatakata, ndipo uingie kwenye birika. Birika si la kuogea uchafu, ni la kukaa. Taulo haliingii majini, nywele zinafungwa juu. Birika la kwao ni la mbao, na maji yanamiminika mchana na usiku kutoka kwenye chemchemi, yanajaa na kufurika ukingoni, hayarudishwi. Nilipoona vitu vyeupe vinaelea kama maziwa yaliyokatika nikatoka, nikadhani bafu halijaoshwa. Nikauliza. Wanaviita maua ya maji moto, ni madini yanayoganda maji yakipoa, na wapo wanaosafiri kuyafuata hayo hayo. Nikarudi kwa aibu.

Na maji yenyewe ni meupe, meupe kama tui la kwanza. Ukikaa mpaka shingoni hauonekani kidole. Hilo hakuna tovuti iliyonieleza, na ndilo lililobadilisha safari yangu. Asubuhi ya pili niliamka kabla ya alfajiri, miguu barafu, nikaenda bafuni bila kungoja kibao cha mtu. Nilikuwa nimeshazama ndipo mlango ukafunguliwa, akaingia bibi mfupi, mgongo umepinda kabisa, akaoga taratibu, akaingia upande wa pili. Tukatazamana juu ya mvuke. Akasema kitu kwa lafudhi ya huku kaskazini, ambayo hata walimu wangu wa Kijapani wa chuoni huikimbia. Nilichoambulia ni kwamba anatoka kijiji cha wakulima wa mpunga, na huja kila mwaka wakati wa theluji, kama mama yake alivyokuja. Zamani wakulima walikuwa wakimaliza mavuno wanakuja Naruko wiki mbili tatu, wamebeba mchele na sufuria zao, wanajipikia na kuzama majini mpaka viungo vilegee. Baadhi ya nyumba bado zina jiko la wageni kwa ajili hiyo, na kwa mtu mwenye bajeti ndogo ni nafuu kuliko hata niliyolipa mimi. Alipotoka aliniachia chungwa dogo kwenye kikapu changu cha nguo.

Mama yangu nilimwambia ukweli. Akauliza tu, "Huyo bibi, hajambo miguu?"

Chakula niliandika mapema kwamba sili nguruwe wala pombe, na hapo uangalie, maana mapishi yao mengi hutiwa mvinyo wa mchele bila wao kuuhesabu kuwa pombe. Mama mwenye nyumba alinichomea samaki wa mtoni kwa chumvi tupu, kibaniko kimepita mwilini kama anaogelea, na mboga za mlimani zilizohifadhiwa tangu majira ya kuchipua. Yai limepikwa ndani ya maji ya chemchemi: kiini kimeshika, ute bado unatelemka, kinyume cha yai la kuchemsha la kwetu. Wali hauna chumvi wala nazi. Nilijiandaa kuusema, lakini ni wali wa huko huko milimani, mbegu ya Yukimusubi inayostahimili ubaridi, na ule unaopoa ndio mtamu zaidi. Nilikula bakuli tatu. Ila chakula ni saa kumi na mbili jioni kamili. Ukichelewa treni, umelala na biskuti.

Usiende kama magoti yana shida, maana kila kitu ni sakafuni na ngazi ni kali. Usiende ukitaka intaneti ya kufanyia kazi. Watoto wadogo pia, sidhani, maji yalikuwa moto kuliko nilivyozoea na siku ya kwanza nilivumilia dakika tano.

Na vua fedha. Nilikuwa na pete ya bibi yangu, fedha halisi, sijawahi kuivua. Usiku wa kwanza nilipotoka majini ilikuwa nyeusi tii kama chuma cha jikoni, nikakaa ukumbini nikiisugua na kanga huku machozi yananilenga. Mama mwenye nyumba akaichukua, akaitazama, akacheka kidogo. Akatandika karatasi ya alumini kwenye bakuli, akanyunyiza magadi ya kuokea, akamimina maji ya moto kutoka kwenye birika la chai, akaitumbukiza. Povu kidogo, harufu ile ile ya salfa, na dakika chache baadaye weusi umetoka. Umebaki kwenye mistari ya nakshi tu, na sasa nakshi inaonekana vizuri kuliko zamani.

Novemba nimeweka nafasi tena. Fundi alishakuja, nimepiga simu kuuliza, lakini bafu la faragha sikuliomba.