Njia ya gari ya zege nyumbani kwangu Sahare, Tanga: uzoefu wangu baada ya masika mawili

Swali ni kama njia ya zege inadumu hapa pwani. Nianze na jibu, maana najua wengi mnasoma hapa mkiwa tayari mna tripu ya kokoto nje ya geti. Njia yangu ni nzima. Masika mawili yameipitia, lori la kunyonya maji taka limeipanda likiwa limejaa, na chumvi ya bahari haijaigusa hadi sasa. Ina ufa mmoja mwembamba kama uzi pembeni mwa geti, nitaueleza mbele. Kazi aliifanya fundi mmoja mzee na vijana wake. Sina ruhusa yake ya kuweka jina lake mtandaoni kwa hiyo siliweki, lakini nampa nyota zote tano, na ninataka mjue kwa nini.

Kabla yake nilipata makadirio kutoka kwa kampuni moja ya mjini. Walikuja wakiwa nadhifu, wakapima kwa futi kamba, wakasema sentimeta 7 za zege juu ya kifusi zinatosha na kazi ingekwisha upesi. Sikusikia neno kuhusu maji yanakoelekea, wala hakuna aliyeuliza gari gani litapita. Bei yao ilivutia. Yule mzee alipofika hakutoa futi. Alizunguka nyumba, akatazama bati linamwaga wapi, akauliza shimo la choo liko wapi. Nikamwonyesha, nyuma ya nyumba. Akasema, "Basi mgosi, hii si njia ya kigari chako. Hii ni njia ya lile lori." Hapo ndipo unene ukawa sentimeta 15 na si vinginevyo. Kwa gari dogo peke yake 10 zingetosha, na jirani anayetumia bajaji na pikipiki tu asijitwishe gharama yangu.

Nilikuwa nimesoma sana mtandaoni kabla ya hapo, na naomba niseme jambo. Ushauri mwingi unaopatikana umeandikwa kwa ajili ya nchi za theluji. Wanasisitiza zege liwekewe dawa ya kutengeneza vipovu vya hewa ili maji yakiganda ndani yasilipasue, na wanaonya kuhusu chumvi inayomwagwa barabarani kuyeyusha barafu. Sisi hatuna barafu. Chumvi yetu inakuja na upepo, na inakuja ndani ya mchanga na maji ya visima vya karibu na ufuo. Maadui wa zege hapa Tanga ni hiyo chumvi, mvua ya Aprili na Mei inayochimba udongo chini, na jua la kaskazi linalokausha uso wa zege kabla tumbo lake halijashika. Ukiwashughulikia hao watatu umemaliza sehemu kubwa ya kazi.

Kwa sababu ya jua hilo fundi alikataa kufanya kazi Januari. Tulisubiri hadi kipindi cha kusi, baada ya masika kuisha na kabla ya vuli kuanza, udongo ukiwa umekauka na joto limepungua. Anayeweza kuchagua wakati achague Agosti au Septemba.

Chini ya zege ndipo muda mwingi ulipokwenda, na ndipo watu wengi wanapobana. Udongo wa juu wenye mizizi uliondolewa wote. Ukawekwa moramu, ule udongo mwekundu wa changarawe, kwa matabaka, kila tabaka likinyunyiziwa maji kidogo na kushindiliwa kwa mashine ya kukodi. Tabaka likizidi sentimeta 15 hivi mashine inashindilia juu tu, chini panabaki laini, na gurudumu litakuja kupatafuta hapo siku moja. Fundi alikuwa anapita na kipande cha nondo akikichoma ardhini. Kikizama kirahisi, vijana wanarudia. Juu ya moramu ikatandikwa nailoni nzito nyeusi ili ardhi isinyonye maji ya zege, na unyevu wenye chumvi usipande.

Kabla ya nailoni alizika bomba tupu la plastiki la inchi 4 likikatiza njia kutoka upande hadi upande, ncha zake zikazibwa. Sikumwomba. Alisema siku nikitaka kuvuta maji au waya wa taa upande wa pili sitahitaji kuvunja kitu. Tayari nimeshalitumia kupitishia mpira wa maji ya bustani. Kama unalinganisha zege na pevingi, yaani vitofali vya kupanga, hii ni hoja kubwa ya pevingi, kwamba unazing'oa na kuzirudisha. Bomba hilo linaipunguza sana. Pevingi za jirani yangu zilipangwa juu ya mchanga bila kingo imara. Mvua ikatoa mchanga na sasa kuna mabonde mawili yanayofuata magurudumu. Sizisemi vibaya pevingi zenyewe, zilizopangwa vizuri nimeziona Raskazone zikiwa nzuri tu. Nasema msingi ni ule ule kwa vyote viwili.

Sasa mchanga. Dereva alimwaga tripu mbele ya geti, mweupe, msafi, wa kupendeza. Fundi akachota kidogo kwenye kiganja, akaupuliza, akaokota punje chache na kuziweka ulimini. Akatema. Kisha akachambua kwa kidole na kunionyesha vipande vya kombe vidogo kuliko punje ya mchele. "Huu wa pwani. Aurudishe." Dereva alibisha kwamba watu wote wanajengea huo huo. Mzee hakupandisha sauti, alikaa juu ya ndoo akasema vijana hawatagusa koleo mpaka uondoke. Ukaondoka, nami fedha ya kupakia mara ya pili nilibishana nayo na muuzaji kwa simu hadi akakubali kuibeba yeye.

Kwa nini nasisitiza hili? Chumvi hiyo ikiingia kwenye zege inafika kwenye chuma, na chuma kikianza kutu kinavimba. Kutu inachukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, kwa hiyo zege linasukumwa kutoka ndani mpaka linabanduka. Mnaoishi karibu na bahari mmeshaona vibaraza vinavyomwaga vipande na nondo nyekundu ikichungulia. Tena kuchota mchanga ufuoni ni kuipa bahari njia ya kuja kula viwanja vyetu wenyewe.

Mchanga wa pili ulikuwa wa mto. Aliupima kwa chupa ya maji ya kunywa: mchanga nusu chupa, maji juu, tikisa kwa nguvu, acha utulie. Matope yanakaa juu ya mchanga kama tabaka la rangi tofauti, na likiwa nene mchanga haufai mpaka uoshwe. Letu lilikuwa jembamba sana. Maji ya kukorogea yalikuwa ya bomba. Kisima cha mtaani kwetu kina ladha ya chumvi, hatukukitumia hata kwa kumwagilia.

Vipimo vyangu ni hivi, upigie mwenyewe bei ya leo ya dukani kwako. Njia ina urefu wa mita 12, upana mita 3, unene sentimeta 15, yaani mita za ujazo 5.4 za zege. Uwiano ulikuwa saruji 1, mchanga 1.5, kokoto 3. Mchanganyiko huo unakula takriban mifuko 8 ya kilo 50 kwa kila mita ya ujazo, hivyo tulinunua 45 pamoja na akiba. Ukishuka kwenye 1, 2, 4 utatumia takriban mifuko 6 na kidogo, na kwa njia isiyopitiwa na lori nadhani inatosha. Saruji ilikuwa ya daraja la nguvu la 42.5. Kiwanda kiko hapo Pongwe, kwa hiyo Tanga hatuna kisingizio cha kununua saruji iliyolala ghalani mpaka ikafanya mabonge. Bonyeza mfuko kwenye kona. Ukikuta donge gumu, rudisha.

Kupima hakukufanywa kwa koleo. Alitengeneza boksi la mbao lenye ujazo wa mfuko mmoja wa saruji, kama lita 35, na kila mkorogo ulipimwa kwa boksi hilo: mfuko mmoja, boksi moja na nusu la mchanga, maboksi matatu ya kokoto. Maji hayakuzidi lita 25 kwa mfuko, na mchanga ukiwa na unyevu aliyapunguza. Vijana walilalamika kwamba zege ni gumu kusukuma na mmoja akataka kuongeza ndoo. Mzee alimwambia, "Mwanangu, maji unayoongeza hapa leo ndiyo ufa wa kesho." Mikisa ya kukorogea ilikodiwa pamoja na vaibreta, mashine ya kulitikisa zege lishikamane, na kazi ilianza mara baada ya swala ya alfajiri ili zege liwe limelala kabla jua halijapanda.

Chuma kilikuwa wavu wa BRC, ule wavu wa chuma uliochomelewa tayari, wa nondo za milimita 6 zilizopangwa kila sentimeta 20. Hapa simama kidogo mwenzangu, maana nimepita kwenye kazi nyingi na kuona wavu umelala chini kwenye nailoni huku zege likimwagwa juu yake, eti utavutwa na koleo baadaye. Hauvutwi. Wangu uliinuliwa kwa biskuti za zege, vipande vidogo vya kuegemezea, alizozifinyanga wiki ya nyuma, ukakaa theluthi ya juu, ukifunikwa na sentimeta 5 za zege. Wavu unakuwa juu kwa sababu kazi yake ni kuzishika nyufa zisipanuke usoni, na unafunikwa vya kutosha kwa sababu ya ile chumvi ya hewani.

Mwinamo ni sentimeta 2 kwa kila mita, kuelekea upande ulio mbali na nyumba. Kati ya zege na ukuta wa nyumba aliacha nafasi akaijaza ile povu nyeupe inayofungashiwa televisheni, ili zege likitanuka kwa joto lisiusukume ukuta. Jointi, yaani mikato ya makusudi, zilikatwa kwa grenda kila mita 3, kina cha karibu sentimeta 4, mara tu zege lilipokuwa gumu kiasi cha kutobomoka kwenye kingo za mkato. Siku ya joto muda huo unafika mapema, mwenye grenda asiende nyumbani. Zege litapasuka tu. Jointi inaliambia lipasukie wapi. Ule ufa wangu wa pembeni mwa geti upo pale ambapo nguzo inatengeneza kona kali na mkato haukuifikia. Haujapanuka, nimeuziba kwa lami nyembamba na ninauangalia.

Uso hakuulainisha. Aliburuta fagio la chelewa kukatiza njia, likaacha mistari midogo ambayo hata leo inaonekana. Mama yangu anatembea kwa mkongojo, na masika ya hapa yanaotesha ukoga wa kijani kila penye kivuli. Zege laini kama la sebuleni lingemwangusha. Mistari hiyo tunaisugua kwa brashi ngumu na sabuni, na anapita mwenyewe hadi kibarazani kwa jirani.

Kumwagilia ndiko kulikoachwa mikononi mwangu, na ndiko fundi alikonipigia simu kila jioni kuuliza. Zege likishashika lilifunikwa magunia ya mkonge, ambayo Tanga hatuyakosi, na magunia hayo hayakutakiwa kukauka kwa siku 7 usiku na mchana. Zege haliwi gumu kwa kukauka, linakuwa gumu kwa saruji kunywa maji, na likinyimwa maji mapema uso unabaki wa unga unaochubuka kwa ufagio. Watu waliingia kwa miguu mapema, gari dogo likasubiri wiki kadhaa, na lori halikuruhusiwa kabla ya siku 28.

Malalamiko yangu ni mawili. Fundi huyu hapokei kazi mbili kwa pamoja, kwa hiyo utangoja. Pia makubaliano yake ni ya mdomo, na mimi nilimwomba tuandike. Tukaandika kwenye daftari, mbele ya mjumbe: unene, uwiano, nafasi ya jointi, malipo kwa hatua. Alisaini bila kinyongo, lakini ilibidi nianze mimi. Kwenye mtaro wa barabara mbele ya geti hakutaka kugusa kitu mpaka nipite ofisi ya mtaa kuuliza, na alikuwa sahihi, maana ukiuziba maji yanahamia kwa jirani.

Vipimo hivi ni vya kiwanja changu, chenye udongo wa kichanga unaopitisha maji. Kama kwako kuna mfinyanzi mweusi unaovimba masika na kupasuka kiangazi, usivichukue kama vilivyo. Huo unatakiwa kuondolewa kwa kina na kubadilishwa kabla ya kufikiria mfuko wa kwanza wa saruji. Mwite fundi achimbe shimo la majaribio kwanza, mvua ikinyesha mtazame maji yanakaa muda gani. Anayetaka namba ya mzee wangu aniandikie pembeni, nitamuuliza mwenyewe kama yuko tayari kupokea kazi kabla ya vuli.