Simu ya mezani ya kutia laini: kabla hujaipeleka ushago

Karibuni tena. Leo tunaichambua simu ya mezani ya kutia laini, yaani inayotumia kadi ya SIM badala ya waya, hizi zinazouzwa Luthuli Avenue jijini Nairobi, za kupelekea wazee kule ambako nyaya za shaba zilishaibwa na hakuna wa kuzirudisha.

Kwa mbele ni ile ile ya zamani: mkono wa kushika, vibonye vikubwa, mlio wa kuamsha kijiji. Igeuze. Kwa nyingi, tundu la laini liko nyuma, chini ya betri, na ni la laini ya umbo kubwa. Kama yako ni ile ndogo kabisa, irudishe kwenye fremu yake ya plastiki, la sivyo itakwama humo. Lakini kwanza itie kwenye simu ya mkononi uzime PIN. Ukisahau, siku stima itapotea hadi betri ife, simu itawaka ikidai PIN, na Shosho ataambiwa imeharibika.

Sasa antena, na hapa ndipo pesa hupotea. Chukua simu ambayo antena yake inafunguka kwa kuzungushwa, maana nyumba ya mabati huzuia mawimbi na huenda ukahitaji Yagi, ile antena ndefu ya vijiti kama ya TV, nje. Kabla ya kutoboa ukuta, zunguka boma na simu ya Android yenye laini hiyo hiyo, ufungue sehemu ya hali ya SIM kwenye mipangilio. Vile vijiti vya mtandao havisemi mengi, soma dBm, kipimo cha nguvu ya mawimbi: ikikaribia sifuri ndivyo bora. -80 ni nzuri, -105 utaanza kusikia maneno yakikatika.

Kosa kubwa ni waya mrefu wa antena. RG58, ule mwembamba wa bei nafuu, hupoteza takriban desibeli 0.5 kila mita kwenye masafa ya simu ya 900 MHz, na zaidi kwenye 1800. Mita 10, desibeli 5 zimekwenda, na desibeli 3 tu ni nusu ya nguvu! Yagi inayoongeza desibeli 9 imebaki na 4. Kwa hivyo sogeza simu karibu na dirisha, waya ubaki mfupi. Pale unapoingia ndani, uache uning'inie kidogo chini ya tundu ili maji yadondokee nje, na viungio uvifunge vizuri. Maji yakiingia kwenye kiungio, mtandao utakusumbua masika yote. Ngurumo zikianza, chomoa.

Stima je? Simu ya nyaya ilipata volti 48 kutoka kituoni, ndiyo maana iliita hata gizani. Hii inategemea betri yake, basi hakikisha betri inatoka na ya kubadilisha inapatikana. Kama chaja imeandikwa volti 5, tundu la USB la sola ya nyumbani linaweza kuichaji ukipata waya wenye kichwa kinachofaa.

Ukinunua ya 4G, uliza kama mtandao wako unaikubali kwa VoLTE, yaani kupiga simu moja kwa moja kwenye 4G. Isipokubaliwa, hushuka hadi 3G au 2G ndipo ipige. Ijaribu palepale dukani na laini utakayotumia, kwa sababu nyingine zimefungiwa mtandao mmoja. Namba ya zamani haihami, mpya itaanza na 07 au 01. Faksi na kengele za wezi zilizotegemea waya, sahau.

Na usiiweke kando ya redio. Ikiwa kwenye 2G hutoa ule mlio wa tara-ta-ta kwenye spika kabla simu haijaita. Mita moja hivi inatosha.