Yamaha Ténéré 700 kwa safari ndefu: uzoefu wangu

Wengi wakitafuta pikipiki ya safari ndefu, ya lami na vumbi, swali la kwanza ni cc. Langu ni hili: ikilala chini na mizigo yake, utaiinua peke yako? Kwa kipimo hicho nilichagua Ténéré 700. Tangi likijaa ina takribani kilo 204. BMW R 1250 GS ina 249, na hapo hujafunga boksi hata moja. Kwenye lami tofauti hiyo huioni. Mchangani utaijua.

Injini ni ya silinda mbili, cc 689, nguvu farasi 73 hivi. Kwa kilomita 110 kwa saa inatulia kabisa. Ukizidisha, kioo kidogo cha mbele hakikukingi upepo na shingo huchoka kabla ya injini. Tangi ni lita 16. Hesabu lita 5 kwa kilomita 100 ukiwa na mizigo na upepo wa mbele: kilomita 320 hadi likauke, kwa hiyo panga vituo vya mafuta visivyozidi kilomita 270. Tangi limekaa juu, hivyo likijaa pikipiki huwa nzito kichwani unapogeuza polepole. Kiti kina urefu wa milimita 875; mwenye miguu mifupi ajaribu akiwa amevaa buti za safari.

Sehemu inayotaka umakini zaidi ni shokapu ya nyuma. Inacheza milimita 200, na ukishakaa na mizigo yote inapaswa kuzama karibu theluthi, yaani milimita 60 hadi 65. Inua pikipiki hadi gurudumu la nyuma lining'inie, pima kutoka ekseli hadi alama uliyobandika juu yake ubavuni, kisha ishushe, panda na mavazi yako yote, mwenzako apime tena; tofauti ya vipimo ndiyo kuzama kwenyewe. Ikizama mno, zungusha kitasa cha kubana springi, hakihitaji spana. Ila kubana hakuifanyi springi kuwa ngumu, kunainua tu mkia. Kitasa kikifika mwisho na bado inazama, nunua springi ngumu zaidi. Ukiacha hivyo, usukani unakuwa mwepesi na kuyumba kwenye mwendo kasi, na taa inamulika angani.

Magurudumu ni ya spoku na tyubu, mbele 90/90-21, nyuma 150/70-18. Gurudumu la inchi 21 linapanda mawe badala ya kuyagonga. Bei yake utailipa siku ya pancha, maana huwezi kuziba kutoka nje. Lazima gurudumu litoke. Beba vyuma vitatu vya kung'olea tairi, pampu, viraka, spana za ekseli zote mbili na tyubu moja ya 21. Hiyo, kwa dharura, inaingia hata nyuma ikakufikisha kwa fundi ukienda polepole. Ya 18 haiendi mbele. Tyubu mpya nyingi hutobolewa na chuma wakati wa kurudisha tairi, kwa sababu ukingo wa tairi wa upande wa pili haukuzama kwenye bonde la katikati ya rimu. Ukandamize kwa magoti hadi uzame, chuma hakitahitaji nguvu. Tyubu itie upepo kidogo kwanza isijikunje.

Cheni ipake mafuta kila kilomita 500, mapema zaidi baada ya mvua, na iache ilegee kama kitabu cha pikipiki kinavyosema. Ukiikaza mno, shokapu inapozama cheni huvutika na bearingi ya shafti ya giaboksi ndiyo inayokufa.

Mizigo: chukua uzito wa juu unaoruhusiwa, toa wa pikipiki; kinachobaki ni wewe, abiria na vyote mlivyobeba. Boksi mbili za alumini na fremu zake zinaweza kula kilo 15 hadi 20 zikiwa tupu. Napendelea mifuko laini, ambayo pia haivunji mguu ukinaswa chini yake.

Ukisafiri wawili na vumbi ni la nadra, mimi ningekuelekeza kwenye Suzuki V-Strom 650: tangi lita 20, kiti milimita 835, na matairi yasiyo na tyubu unayoziba pembeni mwa barabara bila kufungua gurudumu.