Lushoto asubuhi, maji moto jioni: uzoefu wangu wa safari ya siku moja kutoka Tanga

Nianze na jibu kwa wanaoniuliza kama inafaa. Lushoto kwenda na kurudi siku moja inafaa. Maji moto ya Amboni yanafaa sana. Kuvifanya vyote viwili siku moja, kama tulivyouziwa sisi, hakufai, na ukiwa na mtu mzima ndiyo kabisa usithubutu.

Mtu mzima wangu ni mama. Ana miaka 71 na magoti yanamsumbua, kuinuka kwenye mkeka ni kazi. Tangazo lilisema milima na maji moto, shilingi 70,000 kwa kichwa, nauli, chai na chakula cha mchana humo humo. Mama aliposikia maji moto hakutaka kusikia lingine. Alipokuwa binti alikuwa akipelekwa kule na bibi yetu, na miaka yote hii amekuwa akiyataja. Nikalipa ya watu wawili.

Ramani peke yake ingetosha kunizindua. Lushoto iko magharibi: unatoka mjini, Muheza, Segera, Korogwe, Mombo, kisha unapanda mlima. Maji moto yako kaskazini mwa mji, upande wa barabara ya Horohoro, jirani na mapango ya Amboni, kilomita nane hivi tu kutoka mjini. Kwa hiyo ukitoka Lushoto umechoka, unaupita mji wako, unaipita kwenu, unakwenda mbele tena. Wenye safari hawakulisema hilo, nami sikuliuliza.

Tuliambiwa kuondoka saa 11 alfajiri. Kosta iliondoka saa 1 kasorobo, tukisubiri watu wawili ambao simu zao zilikuwa hazipokelewi. Chai tulikunywa Korogwe, vitumbua vizuri, sina neno. Nusu ya mashamba ya katani mama aliyapita amelala.

Sasa Mombo hadi Lushoto. Ni kilomita 33 hivi, lami, lakini nyembamba, kona juu ya kona, ukuta wa mlima upande huu na bonde upande ule. Dereva wetu namsifu kwa moyo wote. Kila kona alipiga honi, hakuipita gari yoyote kwa pupa, na wakati wa kurudi alishuka kwa gia ndogo mwanzo mpaka mwisho bila kuegemea breki. Kwa wanaochafukwa na roho: kaeni mbele, na msile mpaka mshibe pale Korogwe. Mama alikuja na ndimu yake, akawa anainusa na kuipitisha kwa jirani, ikarudi imekauka.

Baada ya Soni, ambako maporomoko unayaona kutoka barabarani, hewa inabadilika. Mji wa Lushoto uko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na joto hupungua karibu nyuzi 6 kwa kila mita 1,000 unazopanda, kwa hiyo lile joto la Tanga linalokufanya ulale na dirisha wazi huku hulikuti. Nilimwambia mama abebe sweta akanicheka. Saa 5 na nusu tuliposhuka alikuwa amejifunika khanga mbili na sweta langu. Wajerumani waliupenda ubaridi huu wakauita mji Wilhelmstal, kwa jina la mfalme wao. Sokoni kina mama wa Kisambaa walikuwa na karoti bado zina udongo, kabichi, peasi na maparachichi. Kama unaweza, nunua hapo, usingoje Mombo.

Irente ndipo penye thamani ya safari. Unatembea kidogo kutoka barabarani, unafika ukingoni mwa jabali, na ardhi inakwisha. Chini, mbali sana, ndiyo Mazinde na mashamba yake ya katani, mistari kama ya daftari, na baada ya hapo nyika inakwenda mpaka macho yanachoka. Mama alisimama ameshika mkono wangu, akasema, "Mwanangu, kumbe tunakaa chini namna hii." Nilitaka nimwachie akae hapo saa nzima. Tulipewa dakika 35, zikiwemo za picha. Pale jirani kuna shamba la Irente, la Kanisa la Kilutheri, wanatengeneza jibini, mkate na jamu. Wenzetu walioomba kupita huko waliambiwa muda hautoshi, maji moto yanatungoja.

Chakula cha mchana kilikuwa wali, maharage, kuku na mchicha, cha kutosha na cha moto. Saa 8 na robo tukaanza kushuka. Saa 12 na dakika kumi jioni tuko Tanga mjini, na jua letu huzama kama saa 12 na nusu. Tukapitiliza Amboni. Tulipofika kwenye maji giza limeshaingia. Kijana wa msafara, ambaye kwa adabu sina la kumlaumu, akasema gari litamulika. Gari litamulika nini? Mawe yameloa, yanateleza, na mama hana magoti ya kujishika. Alibaki kwenye kiti akinusa ile harufu kupitia dirishani. "Ni hapa hapa," alisema, na hakusema tena mpaka nyumbani.

Nilidai nirudishiwe sehemu ya maji moto. Baada ya siku tatu walinitumia shilingi 20,000 ya watu wawili, na samahani. Niliona ni haki.

Jumapili iliyofuata nilikodi bajaji, 25,000 kwenda, kusubiri na kurudi. Saa 2 asubuhi tuko pale. Yanaitwa maji ya Galanos, kwa jina la Mgiriki aliyekuwa na mashamba ya katani huku kwetu. Harufu ni ya yai bovu, inakupokea kabla hujayaona maji, na ndiyo salfa yenyewe. Dakika kumi tu pua inazoea. Mama nilimkalisha kwenye jiwe, miguu ndani, nikawa namwagia magotini kwa kata. Ujoto wake ni ule wa maji ya kumkandia mzazi yaliyoachwa yakapoa kidogo, unaingia ndani ya nyama taratibu. Akafumba macho. Akaanza kunihadithia bibi, jinsi alivyokuwa akiwapanga watoto mstari mmoja, wenye upele kwanza. Hadithi hiyo sijawahi kuisikia, na nina miaka 44.

Sisemi maji yanaponya. Dawa zake za hospitali anaendelea nazo, na mwenye presha au kidonda kibichi amuulize daktari kwanza. Ninalosema ni kwamba alipanda bajaji bila kushikwa, na usiku ule hakuniita nimkande.

La kuzingatia: pete yake ya fedha iligeuka nyeusi mle mle majini, akashtuka akidhani aliuziwa fedha bandia. Hapana, salfa na fedha ndivyo zilivyo. Nilimsugulia kwa dawa ya meno ikarudi. Vueni mapambo. Bebeni maji safi ya kujisuuza, khanga ya kubadilishia na ndala zisizoteleza. Mkimaliza mapema mapango yako karibu, ila kwa magoti mabovu ngazi na giza la ndani si pa kwenda. Watoto wangu nitawaleta siku yao.

Juzi yule kijana amepiga simu, wana safari nyingine ya Lushoto mwezi ujao. Nimemwambia tutakuja, mimi na mama, wakiyafuta maji moto kwenye tangazo, wakiondoka saa 11 kweli bila kumngoja mtu, na wakitupa saa mbili Irente. Amesema atawauliza wenzake. Mama ameshaanza kulitafuta sweta.