Konvata yangu iko wapi? Niliyoyapitia kwa gereji moja Nakuru

Naandika hasira ikiwa bado mbichi, na afadhali iwe hivyo, kwa sababu ikipoa nitaanza kumtetea huyo kijana fundi kama nilivyomtetea mara ya kwanza. Kama una gari dogo la petroli na fundi amekwambia "tutoe hii konvata gari lipumue", nisome kwanza. Konvata ni lile kopo la chuma kwenye paipu ya moshi linalosafisha moshi wa injini. Jina la gereji silitaji.

Gari langu ni Toyota Fielder, imetoka Japani ikiwa imeshatumika kama nyingi zilizo barabarani. Kazi yake ni moja. Jumamosi napakia vitunguu na viazi Nakuru, nalala Kisumu, Jumapili nauza soko la Kibuye, Jumatatu narudi na magunia ya omena. Mtu wa mizigo hupima gari mahali pamoja tu, pale unapoiacha Awasi na kuanza kuupanda mlima wa Kericho.

Mapema mwaka huu, au ni mwisho wa ule mwingine, gari likaanza kuchoka kwenye ule mlima. Nakanyaga mafuta hadi mwisho, injini inalia, mwendo hauongezeki. Malori yenye shehena yakawa yananipita. Siku moja nilifika Kapsoit na foleni ndefu nyuma yangu, watu wakipiga honi, mikono yangu ikitetemeka kwenye usukani.

Wiki kadhaa kabla ya hapo taa ya injini ilikuwa ikiwaka na kuzima, ikiwaka na kuzima. Haikuwaka ikatulia, ilikuwa inapepesa. Nilimpelekea huyo huyo kijana. Akachomeka kimashine chake cha kusoma hitilafu, akaifuta taa, akasema, "Imeenda, madam." Nikatoa mia tano. Naomba mwikumbuke taa hiyo, maana ndiyo iliyoniuma baadaye.

Nilipomrudia na shida ya mlima, akajilaza chini ya gari na kuigonga konvata kwa spana. Ikalia kama kopo lenye changarawe. "Imeziba. Hii kitu Wazungu waliiweka kwa sababu ya sheria zao. Huku inakula nguvu tu." Akataka elfu nne na mia tano ya kuikata na kuchomelea paipu, juu yake elfu moja na mia tano ya kuidanganya sensa ya nyuma ya konvata, ile inayopima moshi, isiwashe taa. Nikakubali.

Alipoitoa alinimulikia kwa tochi ya simu nichungulie ndani. Nilidhani nitaona masizi matupu. Nikaona kitu kama sega la nyuki, vishimo vidogo vya mraba vimepangwa kwa ufundi ambao sijawahi kuuona kwenye chuma chochote cha gari. Upande mmoja ulikuwa mzima. Upande wa pili ulikuwa umeyeyuka na kugandamana kama sukari iliyoungua kwenye sufuria. Nikatia kidole nikapata vumbi la kijivu. Nikaiacha hapo sakafuni nikaenda kulipa, na hilo la kuiacha bado linanikera.

Sasa niseme kweli ingawa inanichoma: gari lilipanda. Jumatatu hiyo nilikuwa na omena hadi kwenye dari na nikaufuta ule mlima hadi Kericho bila kusumbuka. Nilimpigia mume wangu simu nikiwa kando ya mashamba ya chai kumwambia tumepata fundi. Niliwaelekeza wenzangu wawili wa Kibuye kwa kijana huyo. Wawili! Mmoja tayari amekatwa ya kwake, na ya kwake haikuwa na ugonjwa wowote. Anasema haoni tofauti ila mngurumo. Kweli ule mngurumo unakudanganya, unahisi gari lina hasira ya kwenda, lakini tazama saa ukifika Kericho, ni ile ile.

Furaha yangu haikumaliza mwezi. Kwanza ilikuja harufu. Mimi nabeba omena, pua yangu si ya kuchagua, lakini hii ilikuwa harufu ya petroli mbichi, inaingia kupitia mlango wa nyuma kila nikipunguza mwendo. Pili, kichwa. Nikifika Londiani kinagonga, nikifika Nakuru natafuta dawa. Binti yangu alisafiri nami likizo moja, akalala njia nzima kwa namna ambayo sikuipenda. Moshi wa gari lisilo na konvata una kaboni monoksidi nyingi kupita kawaida, na hiyo haina rangi wala harufu. Ile harufu ya petroli ndiyo iliyonishtua nikafungua madirisha. Mngeniuliza siku ile ningewaambia ni njaa ya safari inamlaza mtoto. Hilo peke yake lingenitosha kuandika haya.

Tatu, mafuta. Safari ya kwenda na kurudi iliyokuwa ikila kama elfu tano ikawa inapita elfu sita. Na taa ikarudi, safari hii imetulia haipepesi.

Wenzangu wa Kibuye wakanielekeza kwa mzee mmoja Kisumu, mtu wa maneno machache. Mashine yake ilisoma namba mbili za hitilafu. Moja ilikuwa P0420, kwamba konvata haifanyi kazi, na ni haki, haipo. Ya pili ilikuwa P0302, silinda ya pili, yaani chumba cha pili cha kuchomea petroli kwenye injini, haichomi sawasawa. Akaitoa koili ya silinda hiyo, ile inayoipelekea plagi stima ya kuwasha petroli, akanigeuzia kwenye mwanga. Kwenye mpira wake kulikuwa na ufa mwembamba kama unywele, pembeni mwake alama nyeupe ya stima inayoruka. Plagi yake ilikuwa nyeusi na inanuka petroli.

"Mama, taa iliwahi kupepesa?"

Nikamwambia ndiyo, ikafutwa.

Akanyamaza kidogo. Kisha akanieleza kwamba taa ikipepesa gari linakuomba usimame. Silinda isipochoma, petroli yake inakwenda mbichi hadi kwenye konvata yenye moto, inaungulia humo, na lile sega linayeyuka. Konvata yangu haikuwa mgonjwa, iliuawa na koili. Koili ingebadilishwa siku ile ya mia tano, ningekuwa nayo hadi leo. Kijana alimzika marehemu, muuaji akabaki ndani ya injini.

Hata mafuta yakapata maelezo. Pale paipu inapofungwa kwenye manifoldi, mahali moshi unapotokea kwenye injini, kijana alirudisha gasketi ile ile ya zamani, kile kizibo cha maungio, imeliwa upande mmoja. Hewa ya nje inavutwa humo kabla ya sensa ya mbele, sensa inaona hewa ni nyingi, kompyuta inaongeza petroli. Nilikuwa nalipia uvivu wa gasketi kila Jumamosi.

Nilimuuliza mzee kuhusu zile sheria za Wazungu. Akasema enzi zake hata yeye alizitoa nyingi, kwa sababu petroli yetu ilikuwa na madini ya risasi na risasi inaiua konvata. Lakini risasi ilikwisha kuondolewa kufikia 2006, "sasa sababu iko wapi?" Na sisi wenyewe tuna kanuni zetu za ubora wa hewa tangu 2014. Hazikuandikwa Ulaya.

Basi niseme kuitoa ni kosa siku zote? Nilitaka kuandika kwamba ikiwa imeyeyuka kabisa na mfuko hauna kitu, kuitoa kwa muda ili ufike nyumbani kunaeleweka, maana iliyoziba inakaba injini kweli na mimi niliuona mlima ukilainika. Nikakumbuka jinsi binti yangu alivyolala. Hapana. Iliyoziba inabadilishwa, na kilichoiziba kinatafutwa kwanza. Nayafuta yale mengine.

Swali la mwisho la mzee ndilo lililonirudisha Nakuru. "Ile ya zamani uliiweka wapi?" Sikujua kwamba hata ikiwa imekufa, ndani ya sega kuna platinamu, paladiamu na rodiamu, na kwamba kuna watu wanaopita gereji kwa gereji wakinunua konvata kuukuu kwa kilo.

Nilifika asubuhi. Kijana alikuwa anakunywa chai na wenzake. Nikasalimu, nikauliza kwa adabu: konvata yangu iko wapi?

"Gani?"

Ile uliyoitoa kwenye Fielder.

"Hiyo ilikuwa takataka, mathe. Ulitaka uipike?"

Wakacheka wote. Mimi nimezaa watoto watatu, nimeuza soko miaka kumi na minne, sijawahi kuitwa mathe kwa sauti ile. Nikamwambia takataka yangu ni yangu, angeniuliza. Akasema, bila hata kuiweka kikombe chini, "Wewe endesha gari, mambo ya injini tuachie sisi." Na nyuma yake, kwenye boriti, mizani ya kuning'iniza. Chini ya mizani, gunia limefungwa mdomo kwa waya, na kwa tundu la gunia nikaona kile kijivu cha sega. Ya kwangu au ya mwenzangu wa Kibuye, sijui. Nililipa elfu sita nichukuliwe mali yangu, kisha nikachekwa.

Mtu akiniambia kijana huyo ana mkono mzuri wa kuchomelea, sitabisha. Mshono wake haujavuja. Lakini sitampelekea hata baiskeli.

Mzee amenifungia koili, gasketi na konvata mpya, si ya kampuni iliyotengeneza gari, ni hizi za kuagiza, na imenigharimu elfu ishirini na mbili nilizokuwa nimeziweka kwa karo. Gari linapanda kama siku ile niliyopiga simu kando ya chai, na ndani naisikia omena yangu tu. Kile kijichuma cha kudanganyia sensa amekitoa akanipa, nimekiweka kwenye droo ya dashibodi. Jumanne nikishapumzika nitakipeleka gereji, nikiweke mezani karibu na chai yake, nimuulize tena swali lile lile mbele ya wateja wake.