Injini ya Liemba kiganjani, kazi ya kijana wa Mwanga

Nimelipa elfu arobaini na tano, na sijuti. Kijana mmoja mwenye printa ya 3D, mashine inayojenga vitu tabaka juu ya tabaka, hapa Mwanga, Kigoma, kanitengenezea mfano wa injini ya mvuke, kama enzi zile Liemba, meli yetu ya Ziwa Tanganyika, haijawekewa injini ya dizeli. Ukizungusha gurudumu, pistoni zinapishana juu chini. Kwenye mfano wa kwanza shafti (mhimili unaozunguka) iligoma, ilishikana na bushi, yaani tundu inamozungukia. Akaongeza nafasi kati yao kutoka milimita 0.2 hadi 0.4, sasa inateleza yenyewe.

Kilichoniteka zaidi ni mnyororo wa nanga: pete zimetoka kwenye mashine zikiwa tayari zimeshikana, hakuna hata moja yenye kiungio. Ukiuangalia karibu, utaona matabaka yake, membamba kama kurasa.

Ni plastiki ya PLA, msiiache garini juani, italainika.